Makocha watatu, mwili mmoja

Septemba ikifika Lubumbashi, kusini mwa Kongo, viwanja vya udongo mwekundu vya komini (wilaya za mji) za Katuba, Kenya na Ruashi hujaa vijana waliotoka likizo na kiu ya mpira. Makocha huwapokea kwa fiziki: kupanda mteremko mbio, kuruka juu ya matairi, kubebana mgongoni, pompi (kujisukuma juu kwa mikono) mpaka itetemeke. Wiki tatu au nne baadaye mechi zinaanza, na kazi hiyo inakufa hapo hapo. Kutoka Oktoba mpaka shule zifungwe mwanzoni mwa Julai, kijana anacheza, anafanya mazoezi ya mpira, anacheza tena. Muulize kocha kwa nini ameacha kazi ya nguvu, atakujibu kwa sauti ya mzazi mwema: msimu umeanza, tusiwachoshe watoto.

Sina shaka na nia yake. Nina shaka na hesabu yake. Kijana huyo ambaye kocha hataki kumchosha kwa dakika 20 za kuchuchumaa na kuruka, jana aliichezea shule yake, juzi alifanya mazoezi na timu ya mtaa, na Jumamosi atakwenda kujaribu bahati kwenye kituo kinachotafuta vipaji. Ameshachoka, ila hakuchoshwa na kile kilichokatwa. Kilichokatwa ndicho kilichokuwa kinamkinga. Ninavyoona mimi, kazi ya nguvu msimu ukianza inapunguzwa, haiachwi. Na cha kubanwa hasa ni mrundikano wa mechi na mazoezi ambao hakuna mtu hata mmoja mjini anayeujumlisha.

Tuanze na nguvu yenyewe. Ni kazi ya misuli, na pia ni kazi ya mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli hiyo. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, karibu faida yote hutoka kwenye mishipa ya fahamu: mwili unajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja na kwa mpangilio. Ndiyo maana anaweza kupata nguvu bila mkono kunenepa. Lakini kilichopatikana kwa njia hiyo kikikaa wiki nyingi bila kutumiwa kinafifia. Mwaka 2011 Bent Rønnestad na wenzake wa Norway walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa kandanda wa kulipwa. Wote walifanya kazi ya nguvu mara mbili kwa wiki, kwa wiki 10, kabla ya msimu. Mechi zilipoanza, kundi moja liliendelea mara moja kwa wiki, jingine mara moja kila baada ya wiki mbili. Baada ya wiki 12 kundi la kwanza lilikuwa bado na nguvu zake za miguu na kasi yake ya mita 40. La pili lilikuwa limepoteza vyote viwili. Na hao hawakuacha kabisa, kama tunavyoacha sisi.

Utasema hao ni watu wazima, wana madaktari na chakula cha uhakika. Kweli. Kwa vijana lakini kuna mtego wa ziada, nao ni kwamba wanakua. Kijana wa miaka 14 aliyeacha kazi ya nguvu Oktoba anaweza kuonekana Machi ana nguvu kuliko mwanzo, kwa sababu tu ameongezeka urefu na kilo. Kocha anaridhika. Haoni kwamba sehemu ya alichofundisha imepotea, na kwamba mwili mrefu zaidi na mzito zaidi unahitaji nguvu zaidi ya ile ya Septemba ili kusimama ghafla, kugeuka na kutua salama.

Upande wa wazazi hofu ni nyingine: mtoto akifanya kazi ya uzito atadumaa. Nimeisikia Kamalondo, nimeisikia Bel-Air, kwa waliosoma na wasiosoma. Ushahidi hauiungi mkono. Tamko la wataalamu wa nchi mbalimbali lililochapishwa mwaka 2014, pamoja na miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani, vinakubaliana: kazi ya nguvu yenye msimamizi anayejua, yenye mtindo sahihi na uzito unaopanda polepole, ni salama kwa watoto na vijana na haizuii ukuaji. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linataka watu wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Majeraha ya zile sehemu laini za ukuaji kwenye ncha za mifupa yalipotokea kwa wanyanyua vyuma, mara nyingi ilikuwa ni vijana wasio na msimamizi, wanashindana nani atainua zaidi, mgongo umepinda. Isitoshe, mama anayeogopa mwanawe kukumbatia nusu bidoni la maji uwanjani ndiye aliyemtuma alfajiri kwenye bomba la jirani akarudi na bidoni zima la lita 20 kichwani, zaidi ya kilo 20, na hakuna aliyemtazama anavyoliinua.

Kuna picha ambayo mji huu hauwezi kuisahau. Desemba 2010, Abu Dhabi, klabu yetu ya Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na kipa wake Robert Kidiaba akasherehekea kwa kuketi chini na kurukaruka juu ya makalio, miguu imenyooka mbele. Watoto wa kila komini waliiga. Alikuwa na miaka 34. Jaribu mwenyewe kwa upana wa goli, kisha niambie tumbo, nyonga na mgongo vimesemaje. Nguvu ya namna ile haitoki kwenye kuzunguka uwanja.

Na kuzunguka uwanja, hapa kwetu, ni dini. Kiwanja kamili cha mita 105 kwa 68 kina mzunguko wa mita 346. Raundi kumi ni karibu kilomita tatu na nusu za mbio za polepole. Zinamfundisha kijana nini? Kuvumilia mbio za polepole. Mchezaji wa kandanda anaumia akisimama ghafla, akikata kona, akitua kutoka juu, akipiga shuti la mbali huku amechoka. Mchezaji wa mpira wa kikapu anaumia akitua kwenye mguu wa mwenzake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ndani ya zile raundi. Tena mara nyingi ni adhabu ya kuchelewa, kwa hiyo aliyechelewa kwa sababu ametembea kutoka Ruashi bila nauli ya taksi-basi ndiye anayeongezewa kilomita. Kocha akiandika daftarini kwamba leo alifanya fiziki, anamaanisha hizo.

Sasa hesabu niliyoisema. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Carl Foster, alieneza njia ambayo haihitaji hata simu. Baada ya zoezi mchezaji anataja ugumu aliousikia, kati ya 0 na 10. Unauzidisha kwa dakika, unapata alama. Tuchukue kijana wa kubuni wa miaka 15 anayekaa Katuba. Jumanne na Alhamisi yuko na timu ya mtaa, dakika 90 kwa ugumu wa 6: alama 540 kila siku. Jumatano asubuhi ana kipindi cha michezo shuleni, dakika 50 kwa ugumu wa 4, alama 200. Mchana anaichezea shule mechi ya dakika 70 kwa ugumu wa 8, alama 560. Jumamosi anakwenda kituoni, dakika 90 kwa ugumu wa 7, kwa sababu pale kila mtu anataka aonekane: 630. Jumapili mechi ya mtaa, dakika 80 kwa ugumu wa 9: 720. Jumla ya wiki ni 3,190.

Kuna kanuni inayotajwa sana, kwamba saa za michezo ya kupangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Kwa kanuni hiyo kijana wetu amestarehe: dakika zake 470 hazifiki saa nane, na yeye ana miaka 15. Hapo ndipo kanuni zilizotungwa kwa watoto wanaopelekwa mazoezini kwa gari la baba zinapotuacha njiani. Haihesabu kutembea kwenda na kurudi shule. Haihesabu bidoni. Haihesabu mpira wa pekupeku wa jioni, ambao ni mzuri sana kwa mtoto na nisingependa ufe, lakini miguu inauhesabu hata kama sisi hatuuhesabu.

Kisha inaingia wiki ya mashindano ya shule, mechi mbili za ziada za 560 kila moja. Jumla inaruka hadi 4,310, yaani zaidi ya theluthi moja juu ya wiki iliyopita. Sidai kuna namba ya uchawi ambayo ukiivuka goti linavunjika. Wataalamu wenyewe wanabishana kuhusu namna ya kuusoma uwiano wa wiki hii na wiki zilizotangulia. Lakini mruko wa ghafla kiasi hicho kwa mwili unaokua ni jambo ambalo kocha yeyote angelishtukia, kama angeliona limeandikwa. Halioni. Kocha wa mtaa anaona 1,800, mwalimu wa shule anaona 760 katika wiki ya kawaida, kituo kinaona 630. Kila mmoja anaona kijana mwenye nafasi ya kuongezewa.

Na ile kazi ya nguvu iliyofutwa kwa huruma? Vipindi viwili vya dakika 20 kwa ugumu wa 5 ni alama 200. Sawa na kipindi kimoja cha michezo shuleni.

Kwa kuziba pengo hilo hakuna haja ya jimu yenye vioo. Mwaka 2006 madaktari wa FIFA walitoa mpango wa kupasha misuli unaoitwa 11+, wa dakika kama 20, na kifaa chake kikubwa ni mpira. Una mazoezi 15. Dakika 8 za kwanza ni mbio za taratibu zenye kufungua nyonga na kukutana bega kwa bega na mwenzako. Dakika 10 za katikati ndizo nguvu: kujiegemeza kwa viwiko mwili umenyooka kifudifudi na kwa ubavu, kupiga magoti na kuinama mbele polepole mwenzako amekushika vifundo vya miguu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua. Dakika 2 za mwisho ni kasi na kukata kona. Zile za katikati zina ngazi tatu, ili anayeanza asifanye kazi ya aliyezoea. Norway waliujaribu kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 katika klabu 125, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008: kwa majeraha yote yakijumlishwa, timu zilizoufuata zilikuwa na hatari ndogo kwa karibu theluthi moja, na majeraha makubwa yalipungua zaidi ya hapo. Uchambuzi wa baadaye wa data hizo ulionyesha jambo ambalo makocha wetu wangelitundika ukutani: waliofanya mara nyingi walifaidika kuliko waliofanya mara chache.

Nimeuona mpango huo ukifanywa Lubumbashi. Nimeuona pia ukifanywa vibaya: vijana thelathini wanashuka kwa kasi kwenye zoezi la misuli ya nyuma ya paja, wanaanguka kifua chini, wanacheka, kocha anaandika ujumbe kwenye simu. Zoezi hilo, ambalo wengi hulijua kwa jina la Nordiki, faida yake yote iko kwenye kushuka polepole huku misuli ikipinga. Tafiti zikikusanywa pamoja zinaonyesha linaweza kupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Lakini linauma. Asiyelizoea hutembea kama mzee siku mbili zinazofuata, na kijana akifanyiwa hivyo Ijumaa kabla ya mechi ya Jumapili, Jumatatu utasikia fiziki ndiyo iliyotupotezea pointi. Lianzishwe Septemba, mara mbili au tatu tu kwa kipindi, lipandishwe taratibu, na wakati wa msimu libaki siku iliyo mbali na mechi.

Hapo ndipo penye ufundi wa kazi ya nguvu katikati ya msimu, na si mgumu. Punguza wingi, usipunguze ugumu. Kijana aliyekuwa akichuchumaa seti nne akiwa na nusu bidoni kifuani, sasa achuchumae seti mbili akiwa na nusu bidoni lile lile, mara 6 au 8, aache akiwa bado na uwezo wa kuongeza mbili. Mechi ikiwa Jumapili, Jumanne ndiyo siku nzito na Alhamisi ni nyepesi. Mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli, ikikatwa vipande, inatosha kwa nyonga, mabega na kinena. Kuvuta juu ya mwili kunahitaji tawi la mwembe. Mwenzako mwenye uzito kama wako ni mashine ya kutosha kwa mazoezi kumi tofauti. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ubaki kwa wajenzi.

Ila kuna kundi ambalo kwalo hata hesabu nzuri inabidi ibadilike, nao ni wale walio katikati ya kurefuka. Wasichana hufika kilele cha kurefuka wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, na katika mwaka huo wanaweza kuongeza sentimita 8 hadi 10. Mifupa inatangulia, misuli na kano zinafuata zikivutwa. Ndipo unapotokea uvimbe wenye maumivu chini ya goti, mahali kano inaposhika mfupa, ambao madaktari huuita Osgood-Schlatter, au maumivu ya kisigino kwa wadogo zaidi. Kwenye viwanja vyetu vya kiangazi, ardhi ikiwa imekauka kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, visigino hupata taabu maradufu. Nyumbani kijana anakandwa kwa maji moto na kuambiwa anakua tu. Kukua ni kweli. Hiyo tu si kweli. Anahitaji wiki kadhaa za kupunguza kuruka, kupiga mashuti na mbio za kasi, huku akiendelea na nguvu isiyouma na kazi ya mpira mguuni. Kumlaza kabisa kunamrudisha dhaifu.

Kumjua aliye kwenye kipindi hicho kunahitaji ukuta na penseli. Mpime urefu kila miezi mitatu, bila viatu, mahali pale pale. Akiongeza sentimita 2 au zaidi kwa miezi hiyo mitatu, yuko kwenye mwendo wa 8 kwa mwaka, mtazame kwa makini.

Nasema ukuta na penseli kwa sababu karatasi zetu hazitusaidii, na hili linasemwa kwa kunong'ona tu. Kupunguza umri kwa mchezaji ni ugonjwa wa Afrika yetu nzima. FIFA iliingiza kipimo cha picha ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, Nigeria, kwa sababu vyeti havikuaminika. Tukilijadili tunalalamika juu ya vikombe vilivyoibwa. Hasara kubwa iko mazoezini. Timu inayoitwa ya chini ya miaka 15 inakuwa na mtu mzima aliyemaliza kukua, na mtoto wa kweli wa miaka 13 na nusu aliye katikati ya kurefuka. Wanapewa kazi moja, idadi moja, wanagongana kwenye mpira mmoja. Mkubwa anaonekana kipaji. Mtoto anaonekana mlegevu, anaongezewa raundi, na akiumia goti anaachwa. Kocha aliyekata miaka ya mchezaji wake amejinyima kipimo ambacho kingemsaidia kupanga kazi yake.

Wasichana nao. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga AS FAR, klabu ya Morocco, bao 1 kwa 0 huko huko Morocco, na tangu hapo utawakuta wasichana wengi zaidi kwenye viwanja. Wanakuja kwenye mazoezi yaliyotungwa kwa kaka zao. Baada ya balehe hatari ya msichana kukata ukano wa mbele wa goti katika kandanda ni kama mara mbili hadi tatu ya mvulana, na kinachosaidia ni kujifunza kutua magoti yasiingie ndani, pamoja na nguvu ya nyonga na ya nyuma ya paja. Yaani hasa zile dakika 10 za katikati ambazo kocha anazikata muda ukibana. Jambo jingine makocha wanaume hulikwepa: msichana anayefanya mazoezi sana na kula kidogo hedhi yake ikisimama miezi, si dalili ya kukomaa kimichezo. Mwili unakosa nishati, na mifupa inalipa. Kila timu ya wasichana iwe na mama mmoja au dada mkubwa wa kuulizwa hayo.

Chakula ningeweza kukipa makala nzima. Kwa ufupi: kijana wetu mara nyingi hula kwa kweli mara moja, bukari (ugali) ya usiku, baada ya mazoezi na baada ya siku nzima. Msuli haujengwi kwa bukari peke yake, lakini bukari na ndakala (dagaa), au na maharagwe, au sombe (kisamvu) iliyotiwa karanga, ni chakula cha mwanamichezo kuliko unga wa protini wa mikebe unaouzwa kwenye majimu ya mjini kwa bei ya ada ya shule. Kinachokosekana zaidi ni kile kidogo cha kabla: ndizi mbili, viazi vitamu, konzi ya karanga, kikombe cha munkoyo (kinywaji cha mahindi), saa moja au mbili kabla ya kuingia uwanjani. Tajiri wa timu anayenunua jezi mpya kila mwaka angenunua karanga, majeraha yangepungua, ingawa picha isingependeza. Na Oktoba, kabla ya mvua, mazoezi yasianze saa nane mchana.

Usingizi ni mgumu zaidi kuliko chakula. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya wanamichezo 112 wa shule moja ya Los Angeles ulikuta waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya wenzao. Hapa kuna kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya maji, na wa mwaka wa mwisho anayesubiri umeme urudi usiku ili asome kwa ajili ya mtihani wa taifa. Siwezi kumwambia alale mapema kana kwamba anakesha kwa starehe. Naweza kumwambia kocha wake kwamba siku ambayo kijana amelala kwa muda wa saa tano tu, zile alama 540 za Jumanne si 540 tena.

Basi nani ashike daftari la kujumlisha alama hizi? Makocha wa mtaa watakataa kwa sababu wanayoijua vizuri: kijana anayepumzishwa Jumamosi ni kijana anayeweza kuonekana na mwingine Jumapili. Nyuma ya kila mchezaji mwenye kipaji kuna matumaini ya uhamisho, na nyuma ya matumaini hayo kuna familia. Siwacheki. Kocha anayejigharimia mipira kwa pesa yake ana haki ya kutaka mchezaji wake acheze. Kituo nacho hakitapiga simu Katuba kuuliza kijana alifanya nini Alhamisi.

Anabaki mwalimu wa michezo wa shule. Kati ya wote watatu ndiye pekee anayemwona kijana wiki nzima, mwenye njia ya kufika kwenye rejista ya umri wake wa kweli, iliyoandikwa kabla mpira haujaingia katika maisha yake, na ambaye mshahara wake, mdogo kama ulivyo, hautegemei ushindi. Wiki ya mashindano ikikaribia, ampigie kocha wa mtaa. Aombe mazoezi ya Jumanne na Alhamisi yawe ya dakika 40 badala ya 90, kwa ugumu ule ule wa 6. Hapo zinatoka alama 600. Kijana asiende kituoni Jumamosi ile moja, zinatoka 630. Zile 200 za nguvu zirudishwe, Jumanne na Alhamisi, kabla ya mpira. Kutoka 4,310 wiki inashuka hadi 3,280, karibu sawa na wiki ya kawaida, na mechi zote nne zinachezwa.